Niliinunua Nyumba ya Aliyenipa Ng'ombe

Nina miaka arobaini na mmoja. Ni fundi seremala wa Nyabiondo, nimebatizwa, nina mke wa ndoa na binti mmoja tu. Jina langu nitalificha. Watu wa milima yetu wananijua vizuri mno, na ninyi msionijua hamtapoteza kitu!

Wasomaji wenzangu, ninamiliki nyumba ya matofali yenye mabati kando ya barabara. Karatasi ninayo, na mhuri wa Leta upo, yaani mhuri wa Serikali. Hakuna mtu duniani anayeweza kunitoa humo. Lakini sikai humo. Ninafanyia kazi zangu nje, chini ya kibanda cha majani, mvua ikinyesha ninaloa... Kwa nini? Someni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Nilisoma hadi darasa la tano kwa mapadri. Darasa hilo la tano ndilo lililoniharibu! Kila barua ya jirani nilisoma mimi, kila ilani ya Leta nilieleza mimi, na taratibu nikaanza kujiona mimi ndiye mwenye akili peke yangu pale kijijini.

Binti yetu Eugenia alipozaliwa, vita kubwa ya Wazungu ilikuwa bado inaendelea. Mke wangu alishikwa na homa kali, maziwa yakamkauka. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, na hapo ndipo tulipoogopa kweli.

Aliyempokea mtoto huyo alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Koko. Alikuwa mama wa Gasipari, mfugaji aliyekaa juu ya kilima chetu. Koko alimtazama mtoto, akapanda mlima na fimbo yake. Mchana huohuo Gasipari alishuka akiswaga ng'ombe mwenye baka jeupe usoni, na ndama wake nyuma.

"Hii ng'ombe iko ya mutoto," akasema. "Mutoto hawezi kufa na njaa na mimi niko hapa na maziwa."

Sikuwa nimemwomba! Sisi ni watu wa mashamba, yeye ni mtu wa ng'ombe, na mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu njiani tukitoka Misa. Eugenia akanywa, akapona.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa dhambi yangu. Kwa watu wa ng'ombe wa huku kwetu, anayekupa ng'ombe anakupa pia jina lake la kuapia. Ukitaka kuaminiwa unalitaja jina hilo mbele za watu, na ukishalitaja umemaliza. Urafiki ukivunjika, mwenye ng'ombe huja kumchukua ng'ombe wake, na kila mtu hujua kwamba mambo yamekwisha.

Basi mimi nikawa mtu wa kuapa! Mteja akisema kiti ni ghali, naapa. Nikijigonga kidole kwa nyundo, naapa. "Kwa Gasipari mwenye alinipa ng'ombe!" Watu walicheka, Koko akanitania kwamba nitalimaliza jina la mwanawe kabla hajazeeka.

Huyo Koko alinipenda sana. Alikuwa akipita karakana yangu, anapapasa mbao nyekundu zilizoegemezwa ukutani, ananiambia nimwekee nzuri ya sanduku lake la mwisho, asije akazikwa ovyo. Nikamwahidi. Niliapa kwa jina lilelile, tukacheka wote wawili.

Vita ilipokwisha, Gasipari alijenga nyumba ya matofali, mbele duka, nyuma vyumba vya Koko na vya familia. Milango na madirisha nilitengeneza mimi kwa mikono yangu. Alichukua bidhaa kwa tajiri mmoja wa Sake, akaweka nyumba rehani kwa kidole gumba chake, maana kuandika hakujua.

Masikini Gasipari! Lori lililoleta mzigo wake mkubwa liliteleza katika matope ya Shasha, likatumbukia ziwani. Dereva aliogelea, akapona. Vitambaa vilioza, na chumvi, magunia kwa magunia, iliyeyuka yote katika ziwa. Nani atawadai samaki?

Tajiri alikwenda kushtaki. Baada ya miezi michache karani wa Leta alikuja na polisi, akapigilia karatasi kwenye ule mlango niliotengeneza mimi. Nyumba itauzwa kwa mnada. Mimi ndiye niliyewasomea karatasi ile, Koko amesimama kulia kwangu, Gasipari kushoto. Na mnajua nilihisi nini? Fahari! Nilifurahi kwamba nasoma vizuri bila kukwama... Mungu anisamehe.

Siku chache baadaye mama na mwana walikuja karakanani. Gasipari alieleza shauri lao. Mwenye deni haruhusiwi kununua, wala ndugu wa nyumba yake. Tena akionekana ana pesa, tajiri atamfuata mpaka kwenye ng'ombe waliobaki. Lakini alikuwa ameuza ng'ombe kadhaa kimyakimya huko milimani. Na watu wa kilima chote, wakulima na wafugaji, walikuwa wamepatana: siku ya mnada hakuna atakayefungua mdomo, ili nyumba iende kwa bei ndogo.

"Kaka, weye uko fundi, bantu banajua uko na franga," akaniambia. "Nunua na jina yako. Kiisha utanirudishia."

Nikampa mkono. "Kwa Gasipari mwenye alinipa ng'ombe, hata siku moja haitapita!"

Koko akaangua kicheko. "We! Unaapa kwa muntu na yeye iko mbele yako?"

Ndugu zangu, nilikuwa mkweli siku ile. Nataka mliamini hilo. Mwizi hazaliwi siku moja...

Siku ya mnada ilifika. Watu walijaa mbele ya nyumba, lakini kimya kilikuwa kizito, hata watoto waliobebwa mgongoni walinyamaza. Karani alipiga kengele, akataja bei ya kuanzia. Kimya. Nikainua mkono. Akauliza kama kuna wa kuongeza. Kimya! Wazee waliangalia miguu yao, akina mama waliangalia mlima. Moyo wangu ulianza kutulia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. Alikuwa mtu mgeni mwenye kofia ya jua, mfanyabiashara kutoka Walikale, aliyepata habari njiani. Akaongeza.

Nikaongeza. Akaongeza tena. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Pesa za ng'ombe wa Gasipari zilikuwa zinakwisha mkononi mwangu, na yule mtu alikuwa anatabasamu kama anayechagua ndizi sokoni. Nikamtazama Gasipari. Alikuwa ameinama. Nikamtazama Koko. Ameshika rozari, midomo inacheza.

Pesa zile zikaisha. Karani akapiga kengele mara ya kwanza kwa jina la mgeni... mara ya pili...

Kiunoni nilikuwa na pesa zangu mwenyewe, akiba ya miaka mingi. Nilizibeba siku ile kwa sababu ya kuogopa wezi, kwa kuwa kijiji chote kilikuwa mnadani. Zilikuwa za kununulia mabati, maana nyumba yangu ya majani ilikuwa inavuja kila mahali. Sijui ni nani aliyeuinua mkono wangu. Nilipiga kelele bei nyingine!

Yule mgeni akageuka. Akatazama umati ule usiosema kitu, akawatazama wanawake mmojammoja. Nafikiri alielewa. Akavuta kofia yake mbele, akatema mate chini, akaondoka. Kengele ikalia mara ya tatu.

Watu walipumua kwa pamoja. Koko alinikumbatia akalia kifuani pangu. Nami nilikuwa namsikiliza karani tu, kwa sababu alipokuwa akinikabidhi karatasi yenye mhuri aliniita "Monsieur", yaani Bwana. Mimi! Monsieur, mwenye nyumba ya matofali!

Karatasi ile ilitakiwa kupelekwa ofisini Masisi ili jina libadilishwe. Tukapatana twende kesho yake. Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipita kwenye nyumba ile kungojea mvua ikatike, nikaingia dukani kwenye nafasi tupu, nikakaa juu ya kasha. Mvua inapiga mabati, na mimi niko mkavu. Hakuna tone! Nyumbani kwangu saa hiyo mke wangu alikuwa anahamisha vyungu kukinga maji.

Hapo ndipo nilipopotea. Si mnadani. Ni pale juu ya kasha, nikisikiliza mvua.

Gasipari mwenyewe alinifungulia mlango wa dhambi. Alisema kwa kuwa nimetia pesa zangu, nifanyie kazi zangu pale dukani mpaka atakaponirudishia. Nikahamisha meza ya kazi. Nyumba ilikuwa barabarani, malori ya Walikale yalisimama hapo, wateja wakaongezeka. Madirisha ya migodini, viti, madawati... Nikaajiri watu. Nikanunua viatu vyeusi vya kwenda Misa.

Baada ya miezi miwili Gasipari alileta pesa zangu zote nilizoongeza. Alikuwa ameuza ng'ombe wengine. Nilizipokea! Nikamwambia karani wa Masisi yuko likizo, tungoje. Haikuwa kweli. Mwezi uliofuata nikamwambia karani ni mgonjwa. Mwezi mwingine nikakasirika kabla hajauliza, nikamwambia anaharakisha nini, kwani nyumba ina miguu?

Mke wangu aliniambia nirudishe karatasi ile kabla haijaniletea laana. Nikamjibu kwamba mambo ya karatasi ni ya watu waliosoma.

Kisha mbao zikawa nyingi, sina pa kuziweka. Nikamwomba Koko chumba chake cha nyuma. Nimesema "kuomba", lakini nilikuwa nimeshaleta watu wa kubeba. Yule bibi alinitazama muda mrefu. Akatoa mkeka wake mwenyewe, akatoa kibuyu chake cha maziwa, akakataa kusaidiwa. Zile mbao nyekundu nikazipanga mahali pa kitanda chake.

Siku ile Gasipari alikwenda kunishtaki kwenye tribunali ya Mwami, yaani baraza la chifu wetu.

Umati uliokuja ulikuwa mkubwa kuliko wa mnada. Jaji alikuwa mzee mpole, mwenye kusikiliza. Nikatoa karatasi yangu, nikaisoma kwa sauti. Jina langu, mhuri wa Leta. Gasipari akasema pesa zilikuwa zake. Jaji akamwuliza mashahidi wake ni nani.

Gasipari akageuka kuwatazama watu. Hakuna aliyesimama. Nami nilijua kwamba hawatasimama! Nilikuwa nimelipigia hesabu jambo hilo siku nyingi. Atakayesema ukweli atataja ng'ombe waliouzwa kwa siri, na tajiri wa Sake atarudi kuchukua waliobaki. Tena atataja mapatano ya kunyamaza mbele ya karani wa Leta, na kilima kizima kitafungwa. Kimya kile walichonyamaza ili kumwokoa Gasipari, mimi nilikigeuza kuwa kamba ya kumnyonga.

Jaji akafikiri. Kisha akasema, "Kartasi iko na jina ya fundi. Lakini mwenzake anakatala. Basi fundi aape."

Nikauliza niape kwa kitu gani, kwa Biblia?

"Hapana," akasema yule mzee. "Apa vile unaapaka siku zote."

Jamani! Gasipari alikuwa mbele yangu, hatua tatu tu. Koko ameketi chini, fimbo mapajani. Mke wangu amesimama mlangoni, amemshika Eugenia mkono. Mtoto alikuwa amenenepa, mashavu yanang'aa. Kila tone la maziwa katika mwili ule lilitoka kwa mtu niliyetakiwa kumwapia.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuanguka nikasema nimeugua. Kulikuwa na nafasi, wasomaji wenzangu, nafasi ilikuwepo! Lakini nikakumbuka "Monsieur". Nikakumbuka mvua juu ya mabati.

Nikainua mkono. "Kwa Gasipari mwenye alinipa ng'ombe, ile nyumba niliinunua na franga yangu. Yeye hakunipatia kitu."

Sauti yangu ilitoka safi, imenyooka, kama nasoma ilani ya Leta.

Hakuna aliyepiga kelele. Jaji aliinamisha kichwa, akatoa hukumu: nyumba ni yangu. Nilipogeuka, mlango ulikuwa mtupu. Mke wangu alikuwa ameondoka na mtoto.

Nilifika nyumbani nikiwa tayari kwa jambo moja tu: Gasipari aje kumchukua ng'ombe wake. Ndiyo desturi! Aje, anitukane, achukue ng'ombe na uzao wake, tuwe tumemalizana. Nilimngoja kesho yake, nilimngoja wiki nzima. Kila niliposikia hatua njiani nilisimama. Hakuja.

Badala yake nikawaona wakipita barabarani mbele ya nyumba, familia nzima na ng'ombe wachache waliobaki, wanahamia Kashuga. Koko alikuwa anabebwa kwenye machela, maana miguu ilikuwa imemkatalia tangu siku ya tribunali. Hakugeuza uso.

Yule ng'ombe mwenye baka jeupe akabaki kwangu. Mke wangu alikataa kumkamua. Nikamkamua mwenyewe, nikapeleka maziwa sokoni, nikakaa nayo mpaka yakaganda. Watu walinisalimia kwa heshima, "Jambo Papa", wakapita. Mteja alipobisha bei, nilifungua mdomo kuapa kama zamani... wote waligeuka kunitazama. Nikaufunga. Sijaapa tena mpaka leo.

Msimu wa mvua uliofuata habari ikaja kwamba Koko amefariki katika kibanda chenye baridi huko Kashuga. Walimzika kwa mkeka, fundi wa mbao hakupatikana. Nilisikia habari hiyo nikiwa nimesimama katika chumba chake, nimeshika mbao nyekundu mkononi. Nililia! Nililia mpaka wafanyakazi wakatoka nje.

Asubuhi yake nilichukua karatasi ya nyumba, nikamfungua ng'ombe na wanawe wawili, nikashika njia ya Kashuga. Siku mbili za kupanda na kushuka. Njiani nilijifunza maneno ya kusema, nikayapanga vizuri kama msomi.

Nilimkuta Gasipari anakata majani. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi. Nilipiga magoti katika matope, nikasahau maneno yote. Nikamwambia tu achukue: ng'ombe huyu, karatasi hii, tutakwenda Masisi kesho kubadili jina.

Alimsogelea yule ng'ombe kwanza, akamkuna shingoni. Ng'ombe alimtambua. Kisha akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Ile ng'ombe nilipatia mutoto, sikukupatia weye. Mutoto alipona. Sasa unanirudishia nini?"

Nikamwuliza, na nyumba je?

"Nilikuwa nayitaka sababu ya mama. Mama hayiko tena. Kaa nayo."

Nilibaki pale chini, nimemnyoshea karatasi, mvua inaanza kuilowesha. Akaokota mundu wake, akapiga hatua chache, kisha akarudi.

"Kitu kimoja njo sijasahau," akasema. "Ile siku mu tribunali, ulipotaja jina yangu, nilikuwa nangojea sauti yako itetemeke. Kidogo tu. Ingetetemeka, ningekuachia nyumba na roho safi, ningesema: kaka yangu ameshindwa na tamaa, lakini angali muntu." Akafuta matope kwenye mundu. "Haikutetemeka."

Akaenda zake kukata majani.

Nilirudi Nyabiondo na ng'ombe wale wale na karatasi ile ile. Nyumba nimeifunga. Wafanyakazi nimewaachisha. Mke wangu anaishi nami, ananipikia, ananijibu nikiuliza. Eugenia ni msichana mkubwa sasa, na mwaka jana alileta swali ambalo nilijua litakuja: kwa nini katika kilima chote, baba yake peke yake hana jina la kuapia? Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka, akamkamua ng'ombe ambaye mama yake hakumgusa miaka yote hiyo, akampelekea mama yake maziwa jikoni. Mimi sikuletewa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Minada ya Leta bado ipo, na mali za watu waliokwama bado zinauzwa kwa kengele. Nyumba ya mtu anayelia ikiuzwa mbele yako, usiitamani kwa sababu bei ni ndogo. Na kama rafiki amekuomba umnunulie kwa jina lako, mrudishie siku ileile, hata mvua inyeshe namna gani. Usiingie ndani kungojea ikatike. Usikae hata juu ya kasha!

Mimi ninangoja. Kila Jumapili baada ya Misa natazama njia ya Kashuga, labda Gasipari atatokea amebadili mawazo, aje amchukue ng'ombe wake tumalizane. Baka lake jeupe limeanza kuwa la kijivu kwa uzee. Akifa huyu kabla hajachukuliwa, sijui nitamrudishia nini.